Mia Moja na Arobaini na Sita Kabla ya Chai

4 Februari

Mdogo wangu Rula,

Salamu nyingi. Nakuandikia kwa sababu kila nikipiga simu ofisini kwenu naambiwa uko kikaoni, na barua angalau haikatwi katikati. Stempu nimenunua mwenyewe, kwa hiyo usianze.

Hapa idarani kumeingia waraka kutoka huko kwenu makao makuu. Unaitwa Motisha kwa Watumishi. Kazi yetu unaijua: mgonjwa akiambiwa na daktari wa wilaya kwamba anahitaji kupasuliwa kwenye hospitali kuu, jalada lake linakuja kwetu makarani. Tunalikagua, tunatafuta kilichopungua, likitimia tunalipeleka kwenye kamati ya rufaa, naye anapangiwa siku. Huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili kwenye kazi hiyo na sijawahi kupimwa na mtu, isipokuwa na wagonjwa wenyewe.

Sasa tutapimwa. Kila jalada linalofungwa ni alama moja. Mtu akipelekwa hospitali, jalada limefungwa, alama moja. Likikaa siku sitini bila vielelezo kutimia, unaligonga muhuri "limefungwa kwa kutofuatiliwa", nayo ni alama moja. Mwenye alama nyingi atabandikwa picha ukutani, atapewa cheti, na ndiye atakayepanda cheo. Aliyeandika jedwali hilo hajawahi kushika jalada hata kwa kulipangusa vumbi. Ukikutana naye kwenye kikao kimojawapo, mwambie nimesema.

Halafu kuna jambo la mama. Barua yake ya mwisho mistari imepandana, mwingine umetoka kabisa kwenye karatasi. Mama yule ambaye Mwalimu jirani alikuwa akitutolea mfano wa mwandiko wakati anatushika mikono kutufundisha herufi! Wewe njia yako inapita kwake. Mwangalie, uniambie ukweli.

Dada yako

~

17 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imenichekesha mpaka mhazili akachungulia mlangoni.

Kuhusu waraka, usiuhukumu kabla haujaota meno. Huyo aliyeandika jedwali pengine alikuwa na nia njema, na pengine ana dada aliyemfikiria. Sisi tunaokaa huku tunaona idara nzima zimelala. Kuna ofisi moja tuliikuta saa nne asubuhi makoti yapo kwenye viti na watu hawapo. Utawaamshaje hao bila kuwaonyesha kitu cha kukimbilia? Niandikie namna wenzako walivyoupokea, mazuri na mabaya, hasa mazuri, kwa kuwa tunakusanya maoni.

Mama hajambo. Miwani yake tu imechoka. Nitamshughulikia mimi, wewe usihangaike, una rafu nzima ya watu wa kuhangaikia.

Mdogo wako,
Rula

~

9 Machi

Rula,

Marahaba. Matokeo ya mwezi wa kwanza yamebandikwa na mimi ni wa mwisho. Majalada thelathini na moja. Aliyeongoza ni binti wa dirisha la pili, tunayemwita Umeme: mia mbili na kumi na mawili. Picha yake iko juu ya ndoo ya maji ya kunywa, anatabasamu, na simlaumu, maana ni mara ya kwanza serikali kumwangalia usoni. Mimi nimepewa jina la Konokono. Mkuu wa kitengo amelicheka kidogo, kisha akajikohoza. Yeye tunamwita Asilimia, kwa kuwa hata ukimuuliza hali ya mkewe atakwambia imepanda.

Nimekaa nikamtazama Umeme anavyofanya. Hafungui jalada. Anachukua daftari la mapokezi na kuteremka na kalamu kwenye orodha ya namba. Kila namba iliyopita siku sitini bila vielelezo kutimia, anaigonga muhuri. Kadi za kuwaarifu wagonjwa anazisaini zikiwa tupu, tarishi anajaza majina baadaye na kuzipeleka posta. Si mwizi huyu mtoto wa watu. Ameusoma waraka vizuri kuliko sisi sote.

Sasa nikwambie thelathini na moja zangu ni nini. Kuna fundi seremala mgonjwa wa mgongo. Jalada lake lilipungukiwa picha mbili ndogo za usoni, basi. Nilimtafuta kwa simu mara tano. Mwishowe alikuja, nikampeleka mwenyewe kwa mpiga picha mtaa wa pili, na kwa kuwa hawezi ngazi nilimshika kiuno, watu wakadhani nimeolewa tena. Ijumaa anapasuliwa. Kwenye jedwali, fundi yule na namba aliyoigonga Umeme huku anatafuna mkate uzito wao ni mmoja. Nimefika majalada ya Novemba. Ya Desemba na Januari yananingoja kwenye rafu, na najua kila moja lina mtu anayeangalia barabara.

Cheo nimekingoja miaka tisa, unajua. Asilimia amenidokeza kwamba kwa alama hizi nisiote. Na nikiwa wa mwisho tena nitahamishiwa ghala la chini, kwenye majalada ya waliokufa.

Jambo la mwisho. Jana nimeusoma waraka wote, mpaka ukurasa wa nne ambao hakuna anayefika. Umeandikwa pale chini: "Kinachopimwa hakina ugomvi." Nimeacha kusoma, nikacheka, halafu sikucheka tena. Duniani kuna mtu mmoja tu asemaye maneno hayo. Alikuwa na miaka minane, na kila asubuhi alipima vipande vyetu vya mkate kwa rula ya shule kabla mtu hajagusa, na mama akimwambia aache, anajibu hivyo hivyo.

Ni wewe.

Dada yako

~

21 Machi

Dada,

Shikamoo. Ni mimi. Nilitaka kukwambia uso kwa uso, halafu barua yako ya kwanza ikaja inanitukana, nikaona aibu. Nisamehe kwa kukuficha.

Lakini kwa waraka wenyewe siombi radhi. Ulilia wewe, dada. Miaka mingapi kila likizo ulikaa kwenye kile kiti cha mama cha kamba, umevua viatu, ukisema hodari na mvivu serikalini wanakula sahani moja? Ulisema: "Ningeonekana hata mara moja tu, ningefanya kazi ya watu watatu." Maneno yako nimeyabeba mpaka kwenye meza hii. Nilipoambiwa niandike kitu cha kuwapa watumishi ari, nilikuwa nakutengenezea wewe ngazi. Sasa umeitazama, umesema haijanyooka, na umekaa chini.

Jedwali lina kasoro, nakubali. Kulibadilisha kabla ya taarifa ya Juni siwezi, kwa kuwa mkubwa wetu ameshaahidi takwimu, na mimi nimeshika mlango mmoja tu wa cheo ambao ukifungwa haufunguki tena. Baada ya Juni nitarekebisha. Nakuahidi.

Mpaka hapo cheza mchezo wao. Yaliyokwama yafunge. Mwenye shida ya kweli atarudi na kuomba upya. Usiende ghala kwa ajili ya picha za fundi seremala.

Mama hajambo, anakusalimu.

Rula

~

28 Aprili

Rula,

Nimekuwa wa mwisho mara ya pili. Ghala linaningoja mwezi ujao; kwanza meza yangu ilihamishwa Jumatatu, ikawekwa karibu na mlango wa choo, na kwenye ukuta wa picha wakabandika orodha ya walio nyuma. Walio nyuma tulikuwa wawili, na mwenzangu yuko likizo ya uzazi. Yule mama wa usafi niliyemsaidia jalada la mwanawe mwaka juzi aliusoma ukuta, kisha akanitazama kwa huruma. Huruma yake ndiyo iliyonimaliza.

Leo nimekuja mapema. Nimechukua daftari, rafu yote ya Desemba na Januari, nikateremka na kalamu. Kadi nilizisaini tupu, rundo zima, mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Sikufungua jalada hata moja. Nilijua nikifungua moja nitaona jina, na nikiona jina nitanyanyua simu.

Mia moja na arobaini na sita, kabla ya chai.

Asilimia alinipigia makofi, na ofisi nzima ikafuata. Umeme alinikumbatia, akasema sasa tumepata mpinzani. Meza yangu imerudishwa dirishani. Nami nilifurahi, Rula, hilo ndilo linaloniuma. Miaka ishirini na miwili sijapigiwa makofi, na nilipopigiwa nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Hata chai niliiona tamu.

Umeshinda. Nimepata motisha.

Dada yako

~

11 Mei

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na pongezi. Takwimu za ofisi yenu zimefika na zimesomwa kwenye kikao kikuu. Ofisi yenu ndiyo mfano wa taarifa yote ya Juni. Nilipoulizwa ni nini kilichoamsha watu huko, nilisoma sentensi yako: "Umeshinda. Nimepata motisha." Jina sikulitaja, nilisema ni karani mwenye miaka ishirini na miwili kazini. Watu waliguswa, nakwambia. Cheti chako kinachapwa, cha Mtumishi Bora wa Robo Mwaka, chenye muhuri wa kuinuka, na cheo kinafuata nyuma yake. Mambo ya uchungu yaliyomo kwenye barua yako nimeyaona, lakini yatapita. Mtu akivaa kiatu kipya lazima kimbane.

Sasa kwa kuwa umesimama pazuri, nitoe lililo moyoni. Mama si miwani. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda Desemba, na la kulia daktari wa wilaya alisema litaokolewa kwa kupasuliwa tu, tena mapema. Alimwandikia rufaa Januari. Madaktari bingwa wa macho wanakuja hospitali kuu wiki mbili za Juni, na jalada lake liko kwenu.

Mama alinikataza kukwambia. Alisema siku uliyoajiriwa alikuonya usije ukamtanguliza ndugu kwenye foleni, na hawezi yeye kuwa wa kwanza kukuvunjisha mwiko. Nimenyamaza kwa ajili yake. Lakini muda umekaribia na mimi moyo hautulii. Lilipungua karatasi moja, majibu ya kipimo cha presha ya jicho. Alinikabidhi Februari niyalete, nami kwa shughuli za waraka huu yamekaa kwenye droo yangu hadi leo. Nimeyaweka humu ndani ya bahasha.

Simwombei upendeleo. Angalia tu limefika wapi, unipe habari. Ni namba 388 ya Januari.

Mdogo wako,
Rula

~

18 Mei

Rula,

Nililifunga tarehe 28 Aprili, kabla ya chai.

Nimeshuka ghala mwenyewe kulitafuta. Nimelikuta katikati ya rundo, na nimelifungua kwa mara ya kwanza. Kuna picha yake, amevaa gauni la kola nyeupe, anaangalia pembeni kidogo ya kamera. Angekuwa wa zamu yangu, Rula. Kama ningebaki Konokono ningelifikia katikati ya Mei, ningelifungua, ningeliona jina, ningeandika barua au kunyanyua simu siku hiyo hiyo kuuliza karatasi iliyopungua. Ningemfanyia yeye nilichomfanyia seremala, bila upendeleo wowote.

Nimekwenda kwa Asilimia lifunguliwe. Amenitolea waraka, kifungu cha tisa: jalada lililofungwa halifunguliwi mpaka ipite miezi sita, ili karani asifunge moja mara mbili kujizidishia alama. Nimemwambia mwenye jalada ni mama yangu. Amenionea huruma ya kweli, hata akanivutia kiti, kisha akasema hesabu zimeshatumwa makao makuu.

Kifungu cha tisa umekiandika wewe. Kifute. Sijawahi kukuomba kitu tangu ulipoanza kazi, wala nilipofiwa na mume sikukuomba. Kamati ya rufaa inakaa tarehe 30. Ingia kwa mkubwa wako, piga magoti kama inabidi, sema jedwali lina kosa na majalada yote mia moja na arobaini na sita yafunguliwe. Kila mmoja wao ana mama yake. Cheti wakichane.

Dada yako

~

27 Mei

Dada,

Nimeingia. Nimeeleza. Mkubwa aliniuliza jalada ni la nani, nikasema la mama yangu. Akasema, "Waraka huu si uliuandika wewe ili ndugu zetu wasije kutuomba upendeleo?" Hakusema kwa ukali. Alikuwa anachezea kifuniko cha kalamu.

Kisha akanieleza, kama rafiki, kwamba likifunguliwa moja wataulizwa sababu, na sababu ikitajwa yatafunguliwa mengine mia, na ofisi ya mfano itakuwa ofisi ya aibu siku kumi kabla ya taarifa. Akaniuliza kama nina neno zaidi.

Ulitaka niseme jedwali lina kosa. Nilikuwa nalo neno hilo mdomoni. Nikasema sina.

Sitajitetea. Nimefikiria kumpeleka kwengine, lakini chombo cha upasuaji huo wanakuja nacho wale madaktari bingwa, na wanapokea walio kwenye orodha ya kamati tu. Watarudi tena mwakani. Daktari wa wilaya anasema jicho halitafika huko.

Nakuomba jambo moja. Mama tumwambie foleni ni ndefu. Akijua ni mimi niliyekalia karatasi yake, na ni wewe uliyegonga muhuri, atakufa na macho yakiwa bado yanaona. Nitampelekea cheti chako, kitamfurahisha.

Rula

~

2 Agosti

Mwanangu,

Ni mama yako anayesema, na Mwalimu jirani anayeandika, kwa hiyo makosa ni yake na busara ni yangu. Amecheka, lakini nimemwambia aandike hivyo hivyo.

Hujaniandikia tangu Mei. Najua una kazi nyingi. Ndugu yako alikuja na cheti chako na kunisomea mara mbili, mara ya pili akapenga kamasi, akasema ni mafua. Nimekitundika karibu na kitanda, chini, mahali mkono unapofika. Ule muhuri umeinuka vizuri. Asubuhi nikiamka naupapasa, naufuata mduara wake mpaka unaporudi ulipoanzia. Ndugu yako anasema mpaka wa cheti ni rangi ya dhahabu. Nami nimeamini.

Kaniambia pia kwamba ulijua habari ya macho yangu na hukunisogeza mbele. Usinionee haya kwa hilo. Nilimwambia mwenyewe asikwambie, kwa kuwa nilijua ungepata tabu kuchagua. Kadi kutoka ofisini kwenu ilikuja, Mwalimu kanisomea, inasema nisubiri zamu yangu. Basi nasubiri. Aliyetangulia naye ana macho. Naona kidogo, dirisha nalitambua likifunguliwa, na sufuria nazijua kwa mlio.

Karani aliyeshika jalada langu, kama unamfahamu, usimgombeze kwa kuchelewa. Mwambie mama yake mtumishi bora hana kinyongo naye.

Njoo ukipata likizo. Kiti chako cha kamba kimefumwa upya.

Mama yako

Binti yangu, hapa ni mimi Mwalimu, naongeza bila yeye kujua. Nimeandika kila neno kama alivyotamka, pamoja na hilo la kuona kidogo. Haoni kabisa tangu katikati ya Julai. Mlio wa bawaba za dirisha ndio anaoutambua.

Kadi ilifika mwezi wa sita. Haisemi asubiri. Inasema limefungwa kwa kutofuatiliwa, na imesainiwa. Herufi ya kwanza ya sahihi hiyo nilikufundisha mimi nikiwa nimekushika mkono, na mpaka leo mkia wake unaukunja kushoto, nilivyokukataza. Sikumsomea. Kadi iko kwangu, ndani ya kamusi.

Ukija, pitia kwangu kwanza uichukue, kabla hujaingia kwake.